Kiangazi cha Visiwa: Fiqhi ya Safari na Hesabu ya Nafsi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila likizo ndefu inapokaribia, mazungumzo ya bwenini huwa ni yale yale: nani anakwenda wapi, na nani, kwa fedha gani. Kiangazi kilichopita tulitoka wanne Bujumbura kwenda kuitembelea pwani ya Tanzania: Kigoma, Tabora na Dar es Salaam kwa upande wa miji, kisha Unguja, Pemba na Kilwa kwa upande wa visiwa. Tulikaa njiani zaidi ya wiki tatu.

Ndugu wa halaqa yetu wameniomba niandike somo la fiqhi ya safari, kwa kuwa mwaka huu wengi wanapanga safari kama ile. Nimekubali kwa sharti kwamba pamoja na hukumu nieleze pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Hukumu unaweza kuzisoma vitabuni kabla hujaondoka, nami nilizisoma. Kosa langu lilinisubiri njiani. Wenzangu watatu wameisoma makala hii na wameridhia ichapishwe.

Sitawataja kwa majina yao. Njiani tulipeana majina kwa masomo tunayosoma: Daktari anasomea udaktari, Wakili anasomea sheria, Mkulima anasomea kilimo. Mimi nasomea uhasibu, basi nikaitwa Mhasibu.

1. Kabla ya kuondoka: nia, amiri na mfuko

Jambo la kwanza ni nia. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Buyenzi na pwani yote, ruhusa za safari hazimhusu anayesafiri kwa lengo la maasi. Kutembea kwa matembezi ya halali, kuona nchi, kuwazuru ndugu na kujifunza ni mambo yanayoruhusiwa, na yakiambatana na nia njema yana ujira. Sisi tulinuia kuiona njia iliyouleta Uislamu kwetu, kwani Uislamu ulifika Bujumbura kutoka Ujiji, na Ujiji uliupata kwa misafara iliyotoka pwani.

Jambo la pili ni amiri. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba watu watatu wanapotoka safari wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Hekima yake utaijua siku ya kwanza tu, pale mmoja anapotaka kulala, mwingine anataka kuzuru msikiti na wa tatu anataka kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mkubwa wao kwa mwaka mmoja, wakanichagua.

Jambo la tatu ni mfuko. Tulikubaliana kila mtu atoe kiasi sawa kwa ajili ya nauli, malazi na chakula kimoja cha siku. Mengine kila mtu atajitegemea. Kwa kuwa mimi ni Mhasibu, wakanikabidhi na mfuko. Hapo ndipo tulipokosea mwanzo: amiri na mweka fedha wakawa mtu mmoja, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Mkulima alileta fungu lake usiku wa mwisho, baada ya Isha. Zilikuwa franka za noti ndogondogo, zimekunjwa mara nne. Nilizihesabu mbele yake, zikatimia, nikaandika. Mtu anayekusanya kiasi kile kwa noti ndogo vile ana habari ya kueleza, lakini mimi niliangalia jumla tu.

2. Njiani: swala ya msafiri

Tulipita Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka wa Manyovu, tukafika Kigoma jioni. Kesho yake tulikwenda Ujiji kwa miguu na daladala, kisha tukapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara kupitia Tabora. Ni mwendo wa karibu siku mbili. Kwa hiyo swali la swala lilitufikia mapema.

Ruhusa ya kufupisha swala (qasri) imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 101. Aya hiyo inataja hali ya hofu, na Umar bin al-Khattwab (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) vipi ruhusa ibaki hali watu wako katika amani. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi ipokeeni sadaka yake. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Naomba neno hilo, sadaka, ulishike vizuri, nitalirudia.

Masharti muhimu ni haya:

Masafa. Kwa Mashafi'i ni marhala mbili. Hesabu inayotajwa sana ni kilomita 81 hivi, na wapo wanaotaja zaidi. Bujumbura hadi Dar es Salaam halina shaka. Lakini angalia mfano huu: kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Unguja, kwa bahari, ni kilomita 70 na ushei. Mkaazi wa Dar anayekwenda Unguja na kurudi, kwa hesabu hiyo, hafikishi masafa. Sisi tuliokuwa tumetoka Burundi tulifupisha ndani ya boti ile ile ambayo jirani yetu kitini, mtu wa Temeke, hakufupisha. Sote tulikuwa sawa.

Kutoka nje ya mji. Hufupishi ukiwa bado nyumbani kwako umefunga begi. Ruhusa inaanza ukishauacha mji wako.

Swala zinazofupishwa. Ni zile za rakaa nne: Adhuhuri, Alasiri na Isha. Alfajiri na Magharibi hubaki kama zilivyo. Nia ya kufupisha iwepo wakati wa takbira ya kuhirimia. Na ukiswali nyuma ya imamu anayekamilisha, nawe unakamilisha.

Kukusanya swala (jam'i). Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, huweza kuswaliwa pamoja katika wakati wa ya kwanza au wa ya pili. Ukizitanguliza, anza na ya kwanza, nuia kukusanya kabla hujaimaliza, na usiweke mwanya mrefu baina yake na ya pili. Ukizichelewesha, nuia hivyo kabla wakati wa ya kwanza haujatoka. Ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi hawakusanyi namna hii safarini, basi ukisafiri na mmoja wao usimlazimishe.

Kibla na kisimamo. Swala ya faradhi haiswaliwi kitini kwa uvivu ikiwa unaweza kusimama na kuelekea kibla. Ndani ya treni tuliswali wawili wawili kwenye ujia, na vituo vikubwa kama Tabora tulishuka. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi husahau: Bujumbura tunaelekea kaskazini tukiegemea mashariki, lakini kadiri unavyokwenda pwani mwegemeo huo unapungua, na ukifika Dar es Salaam na Unguja kibla ni karibu kaskazini kamili. Usiswali kwa mazoea ya nyumbani.

Basi tukawa tunaipokea sadaka ya Allah kila siku: rakaa mbili za Adhuhuri, mbili za Alasiri, mbili za Isha. Treni inakwenda, karanga zinapita dirishani, na sisi tumeshaswali. Nilijiona msafiri hodari.

3. Unguja: aliyekuwa akisema ameshiba

Dar es Salaam tulikaa siku mbili. Tulitembea Kariakoo, tukabadilisha fedha, nami nikakata tiketi za boti. Nauli ya sisi wageni ilikuwa kwa dola na ni kubwa kuliko ya wenyeji, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa gharama nzito kuliko zote katika mfuko. Usiku ule nikaandika daftarini.

Unguja tulipanga siku tatu. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, unazurika kwa miguu, na swala haikupiti kwa sababu kila ukipinda kichochoro unakuta msikiti. Siku ya pili tulikwenda Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa. Pale pana msikiti mdogo ambao mihrabu yake imezungukwa na maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo limekarabatiwa baadaye, lakini maandishi yale yamebaki, na watu bado wanaswali humo. Daktari alilia. Alisema kwao Buyenzi waliwahi kuulizwa na jirani kama Uislamu ni dini ya juzi.

Usiku tulikuwa tukienda Forodhani kula, kila mtu kwa fedha yake: mishikaki, urojo, juisi ya miwa. Mkulima alikuja usiku wa kwanza, akasimama nasi, akasema ameshiba. Usiku wa pili akasema tumbo halimpi raha. Siku ya tatu tukapanga kwenda kisiwa cha Changuu kwa mashua, kila mtu ajilipie. Akasema amefunga, tumwache apumzike chumbani.

Nilichukia. Nilimwambia Wakili tukiwa baharini, "Huyu bwana ama ana kiburi cha uchaji, ama ni bahili. Safari ya watu haiendi hivi." Wakili hakunijibu. Nami sikurudi kumuuliza mwenyewe. Nilikuwa amiri wake kwa siku ya tisa.

4. Pemba: swala ya anayesubiri

Pemba tulipanga siku mbili. Tuliteremka bandari ya Mkoani, tukapanda hadi Chake Chake. Njia nzima ni vilima na mikarafuu, na harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Watu wa Pemba wanakusalimu kwanza, kisha ndio wanakuangalia wewe ni nani.

Siku ya kuondoka, upepo wa kusi ulikuwa mkali na safari za boti zikaahirishwa. Tukaambiwa huenda kesho. Kesho ikawa vile vile. Siku ya tano Wakili na Daktari wakaanza kubishana. Daktari alisema siku nne zimepita, tumekuwa wakaazi, tukamilishe swala. Wakili alisema hatukunuia kukaa. Tukamwendea imamu wa msikiti uliokuwa karibu nasi, naye akatufundisha jambo ambalo naliandika hapa kwa faida ya wote:

Kwa Mashafi'i, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, safari yake imekatika na atakamilisha swala. Lakini aliyebaki kwa haja anayotarajia itimie wakati wowote, kila siku akisema huenda leo nitaondoka, huyo anaweza kuendelea kufupisha hadi siku 18. Kwa Mahanafi mpaka ni kunuia kukaa siku 15. "Nyinyi, wanangu, mnasubiri upepo," alisema. "Fupisheni, lakini mkija kuswali na sisi mtakamilisha na sisi."

Tukatoka tumefurahi. Swali la rakaa lilikuwa limepata jawabu. Swali la fedha lilikuwa bado.

5. Pungufu

Siku zile za ziada zilikuwa zikila mfuko. Usiku ule nilikaa kitandani na daftari, nikajumlisha matumizi, nikahesabu fedha zilizobaki. Hazikulingana. Palikuwa na pungufu kubwa. Nilihesabu mara tatu na kila mara likatoka lile lile.

Sikusema neno "mwizi". Ningelisema, pengine ningeshtuka mwenyewe. Nilisema, sote wanne tukiwa chumbani, "Fedha haina miguu. Siku ya Changuu begi lilibaki chumbani, na aliyebaki chumbani hakuwa jini."

Kukawa kimya. Mkulima aliinuka, akageuza mifuko yake nje, akaweka kitandani alivyokuwa navyo: hati ya kusafiria, mswaki, na noti moja ya shilingi elfu moja. Akavaa kofia yake akaenda msikitini.

Ndugu msomaji, noti ile ilinipiga kuliko kama angenitukana. Ndiyo iliyokuwa mali yake yote tangu Dar es Salaam. Alikuwa ametia mfukoni mwetu kila alichokuwa nacho, noti ndogo kwa noti ndogo, ili fungu lake lilingane na letu. Baada ya hapo hakuwa na cha kula Forodhani wala cha kulipa mashua. Kushiba kwake na tumbo lake vilikuwa sitara. Ile saumu tu ndiyo ilikuwa kweli, naye aliifungulia kwa chakula kile kimoja cha mfuko.

Wakili ndiye aliyevunja ukimya. "Umedai," akaniambia. "Katika dini yetu anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Wewe umeleta mafumbo. Leta daftari."

Tukakaa watatu, yeye akisoma, mimi nikijumlisha, Daktari akiangalia. Tulipofika ukurasa wa Dar es Salaam, Wakili akasoma kwa sauti, "Nauli ya boti: Daktari, Wakili, Mkulima." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Wewe ulivuka kwa kuogelea?"

Nilikuwa nimelipa tiketi nne na kuandika tatu. Niliandika majina ya niliowaona mbele yangu, nikajisahau mwenyewe, kama yule wa ngano anayehesabu punda zake na kumwacha aliyempanda. Pungufu lililokuwa mfukoni lilikuwa sawasawa na nauli ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

6. Hukumu ya dhana, na namna ya kuirekebisha

Suratul-Hujuraat, aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na inatuambia kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Nilikuwa nimeihifadhi sura ile tangu madrasa. Sikuikumbuka, kwa sababu dhana haikujii ikiwa na sura ya dhambi. Kwangu ilikuja ikiwa na sura ya hesabu.

Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi katika Riyadhus-Swalihin, wamebainisha kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikiwa inahusu haki ya mwanadamu, linaongezeka la nne: kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) amemwagiza aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu kingine amwombe amhalalishie leo, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Siku hiyo malipo yatakuwa kwa amali njema. Nikiwa mwanafunzi wa uhasibu, sijui maneno mazito zaidi ya hayo.

Nilimngoja Mkulima arudi. Niliwaomba Daktari na Wakili wasitoke, kwani nililolisema mbele ya watu halifai kuombewa radhi pembeni. Nikamwonyesha ukurasa. Nikasema, "Aliyekosekana ni mimi. Nimekudhania vibaya tangu Unguja, na leo nimekuvunjia heshima. Nakuomba radhi."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Allah. Lakini usinitake nicheke leo."

Nilijifunza hapo kwamba msamaha ni haki yake aitoe atakavyo, na furaha ni jambo jingine linalohitaji muda. Wengi wetu tukishaomba radhi huanza kudai tabasamu.

7. Nguo moja

Baada ya Alfajiri, Daktari alitandika kikoi chake sakafuni. Akatukumbusha habari ya kabila la Ash'ari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: chakula chao kilipopungua vitani au mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akawasifu, akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Akatukumbusha pia hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyomo katika Muslim, nayo ni ya safarini hasa: mwenye mnyama wa ziada wa kupanda ampe asiye naye, na mwenye akiba ya ziada ampe asiye nayo. Mtume (s.a.w.) aliendelea kutaja aina za mali hata maswahaba wakadhani hakuna kati yao mwenye haki ya kushika cha ziada.

Kisha Daktari akasema neno lililonikaa. "Siku kumi na nne hizi Allah anatupa sadaka ya rakaa sita kila siku. Tumeipokea yote. Sisi tumempa nani nini?"

Kila mmoja akamwaga mifuko yake juu ya kikoi. Mkulima akaweka elfu moja yake. Tulipohesabu, zilitosha kuturudisha nyumbani, na kama tungekula kwa kiasi zilitosha kufika Kilwa. Tangu siku ile hapakuwa na "fedha yangu ya Forodhani". Wakili alishika mfuko, Mkulima akashika daftari. Mimi niliomba kuvuliwa uamiri, wakakataa. Wakili alisema amiri aliyekwisha kukosea angalau ataanza kuuliza.

8. Kilwa: aliyeomba na asiyeomba

Upepo ulitulia, tukarudi Dar es Salaam, na kutoka hapo basi likatupeleka Kilwa Masoko. Tulilipia kibali, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Sehemu ya kale ni ya karne ya 11, na sehemu kubwa yenye nguzo na kuba iliongezwa katika karne ya 14. Wareno waliushambulia mji mwaka 1505.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaeleza kwamba watu wake ni wachaji na ni wa madhehebu ya Shafi'i. Alimkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba Sultani alipokuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile alizoomba.

Niliwasimulia wenzangu kisa hicho tukiwa tumekaa baina ya nguzo. Mkulima, ambaye tangu Pemba alikuwa akinijibu kwa maneno mawili matatu, akauliza, "Yule fakiri aliomba. Na asiyeomba je?"

Jibu limo katika Suratul-Baqara, aya ya 273, inayowataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa sababu wanajizuia kuomba. Hutambulikana kwa alama zao. Kwa hiyo wajibu wa kutambua uko juu yetu sisi wenye macho. Alama nilipewa: noti zilizokunjwa mara nne, mtu anayeshiba kila usiku, mtu asiyepanda mashua. Nilikuwa na alama zote, nikazisomea dhana mbaya.

Imepokewa kwamba Umar (r.a.) alipomsikia mtu akimsifu mwenziwe alimuuliza: je, wewe ni jirani yake? Umewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Alipojibu hapana, Umar alimwambia kwamba basi humjui. Mimi niliondoka Bujumbura nikidhani kanuni hiyo itanisaidia kuwajua wenzangu.

9. Kurudi, na mambo ya kuzingatia

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, kwani inamzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, basi akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Na alikuwa akirudi safarini huanzia msikitini akaswali rakaa mbili. Nasi tulifanya hivyo Buyenzi, mabegi yakiwa barazani.

Kwa wanaojiandaa kwa likizo hii, nawausia haya:

Mchagueni amiri, lakini mfuko mpeni mtu mwingine, na daftari mpeni wa tatu.

Kabla ya kupanga kiasi cha mchango, amiri azungumze na kila mmoja peke yake. Kiasi sawa kwa wote si lazima kiwe uadilifu kwa wote.

Chakula kiwe cha pamoja chote. Msile mbele ya mwenzenu anayesema ameshiba kila siku.

Someni hukumu za qasri na jam'i pamoja kabla ya kuondoka, msije mkabishana melini.

Hesabu isipolingana, anza na jina lako.

Baada ya rakaa zile mbili, Mkulima alinikabidhi daftari nilihifadhi. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika nauli ya Kigoma hadi Bujumbura, kwa majina, watu wanne. Jina la kwanza lilikuwa langu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Mwanafunzi anayesoma Bujumbura ambaye kwao ni Rumonge anakwenda nyumbani likizo. Je, anafupisha njiani? Je, anafupisha akishafika kwa wazazi wake?

2. Kuna tofauti gani baina ya anayenuia kukaa mahali siku tano na anayechelewa siku tano kwa kungoja chombo?

3. Ni alama gani za uhitaji unazoziona kwa wenzako bwenini, na njia gani ya kuwasaidia haiwavunjii sitara yao?

Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe dhana zetu, azifanye safari zetu kuwa za kheri, na aturudishe salama kwa tuwapendao. Amin.

Wallahu a'lam.